Kipimo cha Wifi

Bega la Mama Pindo lilianza kuuma mwezi wa pili tangu wifi yake aondoke, na mwanzoni alilichukulia mzaha. Akalichua, akalifunga kitambaa cha joto, akajikaza kisabuni na kuendelea kushona. Kulialia hakukuwa desturi yake. Lakini ilipofika asubuhi moja mkono ukakataa katakata kupanda juu ya sikio, akashindwa hata kuchana nywele zake mwenyewe, akaona sasa yamekuwa makubwa. Akaenda zahanati.

Akapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, binti mwembamba mpole wa sauti, ila mikono yake, jamani, usiombe. Binti alimnyanyua mkono, akamgeuza shingo, akambonyeza mgongoni mpaka Mama Pindo akatoa maneno ambayo mtu mzima hayatoi mbele za watu.

"Pole mama. Unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani. Mwaka wa ishirini na mbili huu."

"Na miaka yote hiyo bega lilikuwa haliumi?"

"Thubutu! Lilikuwa zima kuliko lako."

"Sasa kimebadilika nini?"

"Hakijabadilika kitu. Cherehani ile ile, kiti kile kile, chumba kile kile. Wifi yangu tu ndiye ameondoka."

Binti akaacha kubonyeza. Akataka kujua huyo wifi alikuwa akifanya nini. Mama Pindo akamweleza kwamba wifi alikuwa mkataji, yeye mshonaji, kila mtu na kazi yake. Meza ya kukatia ilikuwa dirishani, cherehani mlangoni, na katikati hatua nane. Na wifi, kwa kiburi chake, hakuwahi hata siku moja kumletea kitambaa alichokata. Alikuwa akikiweka mwisho kabisa wa meza, upande wa ukutani, halafu anasema, "Miguu unayo, njoo uchukue." Mama Pindo alikuwa akiinuka huku anasonya, anakwenda, ananyoosha mkono kuivuka meza, anachukua kola au mkono wa gauni, anarudi kukaa. Kabla hajamaliza, anaitwa tena. Mara thelathini kwa siku, mara arobaini.

"Na sasa?"

"Sasa nakata mwenyewe asubuhi, naweka vyote hapa pembeni yangu. Siinuki mpaka jioni. Kazi inakwenda haraka."

Binti akacheka. "Basi mama, wifi yako ndiye alikuwa dawa yako."

Mama Pindo hakucheka. Aligeuza uso ukutani, akasingizia maumivu ya bega, na binti wa watu kwa adabu yake akaamini.

Alipewa mazoezi. Apandishe vidole ukutani taratibu, kila siku kidogo zaidi, na kila nusu saa ainuke atembee. Kupandisha vidole aliweza. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Si kwamba miguu ilikataa, la. Aliinuka vizuri, akatembea zile hatua nane, akafika mezani, na mezani hakuna mtu. Akasimama pale ameshika ukingo wa meza anatazama nje. Alimkumbuka wifi yake. Alitamani kelele zake, alitamani hata ule mlio wa mkasi wake uliokuwa ukimkera miaka yote. Akarudi kukaa, na tangu hapo zoezi la kuinuka akalifuta.

Acha nieleze vizuri habari za huyo wifi, maana kuna watu wakisikia wifi wanakunja uso. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu mume wake. Mume alipofariki, miaka tisa iliyopita, watu walisubiri waone mawifi watakavyogawana sufuria. Wakasubiri wakachoka. Wale wawili walifungua mlango wa duka siku ya nane baada ya msiba kama kawaida, na wifi akasema, "Mdogo wangu alikuonea huruma tu kukuoa, sasa huruma hiyo nimerithi mimi." Wakacheka huku wanalia, kazi ikaendelea.

Halafu mtoto wa wifi, anayeishi mji wa mbali, akapata mapacha. Yeye na mke wake wote wanafanya kazi, mlezi hakuna. Wifi akafunga mzigo. "Wakianza kutembea tu, narudi," alisema kituoni. Mapacha walitembea wakiwa na miezi kumi na moja. Sasa walikuwa na miezi kumi na sita, wanakimbia, wanavunja vyombo, na wifi yuko huko huko.

Mama Pindo aliapa hatamuuliza. Akitaka kurudi njia anaijua, alijiambia. Hicho kilikuwa kiburi cha mdomoni. Kilichomfunga ni woga: akiuliza atajibiwa, na akijibiwa kwamba harudi, atakaa vipi kwenye kile chumba? Kila Jumapili walipigiana simu. Kila Jumapili mmoja alisema mzima kabisa, mwingine akasema mzima kama chuma, wakasifia hali ya hewa, wakaagana. Mawifi wa kusifia hali ya hewa! Hawa ambao walikuwa wakitukanana toka chai ya asubuhi.

Badala ya kuuliza, akamshonea gauni. Alinunua kitambaa cha rangi ya zambarau, kizito, kinachoanguka vizuri, akalitia marinda kiunoni. Hakuandika kipimo popote. Kipimo cha wifi alikuwa nacho kichwani miaka ishirini na mbili: kifua inchi arobaini na nne, kiuno thelathini na nane, nyonga arobaini na nane, na bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto. Wateja wote waliandikwa daftarini, ila kumwandika wifi angeona ni kama kumwandika mama yake jina asimsahau. Alishona kwa maumivu, anapumzisha mkono kila mshono, na gauni likatoka safi. Akalituma kwa basi.

Siku ya tatu ikaja picha kwenye simu. Wifi amesimama mlangoni, gauni mwilini, meno yote nje. Chini ameandika: "Limenikaa kama ulinipima jana!"

Mama Pindo akafurahi kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha akaikuza picha kwa vidole.

Unaweza kumdanganya daktari, lakini fundi humdanganyi kwa gauni aliloshona mwenyewe. Chini ya kwapa kulikuwa na mikunjo isiyotakiwa kuwepo. Mshono wa bega ulikuwa umeteleza mpaka mkononi. Marinda yote yalikuwa yamevutwa nyuma, na ubavuni, pale wifi alipojisahau akageuka kidogo, ilionekana ncha ya kibanio cha kuanikia nguo.

Kwanza akapandwa na hasira. Yaani nimezeeka kiasi hiki, nakosea gauni? Akakimbilia vigezo vyake vya karatasi, vile alivyokatia gauni, akavitandaza, akavipima kimoja kimoja. Inchi zilikuwa pale pale, hata nusu haikupotea. Akaketi sakafuni na karatasi zake mapajani. Gauni halikuwa kubwa. Wifi ndiye alikuwa amekwisha. Inchi nne kiunoni, mwanamke wa umri ule, si mchezo.

Akapiga simu. "Wifi, unaumwa?"

"Mimi? Mzima kama chuma! Huku jua kali sana siku hizi."

Mama Pindo akakata simu bila kuaga. Akafunga duka, duka ambalo hakulifunga hata alipougua malaria, akabandika karatasi mlangoni: Fundi amesafiri. Kesho yake adhuhuri alikuwa anabisha hodi kwenye nyumba ya mji wa mbali, vumbi mpaka kwenye kope.

Wifi alifungua mlango na pacha mmoja kiunoni, wa pili amening'inia kwenye sketi. Akabaki mdomo wazi.

"Ala! Umeambiwa na nani?"

"Na gauni."

Wifi akacheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. Shingo ilikuwa imemchongoka, na shavu moja lile la kushiba, lililokuwa likimfanya aonekane anatafuna hata akiwa amelala, halikuwepo. Kwanza watoto wakalazwa. Kisha wifi akaleta maji ya kunywa, na Mama Pindo akayapokea kwa mkono wa kushoto. Wifi akamtazama.

"Tangu lini unapokea kwa kushoto?"

"Uliza yako kwanza. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nimepimwa damu, nimepimwa kifua, nimepimwa kila kilichopo. Hawaoni kitu." Akajiketisha kwenye kochi. "Chakula hakipiti, wifi. Nawalisha hawa, nakaa mezani, natazama sahani, nasema nitakula baadaye. Kule tulikuwa tunakula huku nakuchokoza. Hapa nimchokoze nani? Mke wa mwanangu ana heshima, nikimtania anasema 'ndiyo mama.'"

Mama Pindo akayaweka maji chini. "Na mimi bega limekufa," alisema. "Hakuna wa kuniinua. Nakaa pale kutwa nzima kama mzigo uliosahauliwa. Nimekukumbuka mpaka naumwa, na wewe kila Jumapili unanihubiria jua!"

"Na wewe kila Jumapili chuma, chuma! Ningesema nini?"

"Ungesema kweli."

"Wewe uliisema?"

Chumba cha pili pacha mmoja alikohoa, akatulia. Mama Pindo akapiga moyo konde, akauliza lile aliloapa hatauliza.

"Utarudi?"

Wifi aliitazama mikono yake. "Mwanangu anatoka asubuhi, mke wake anatoka asubuhi. Hawa wawili nimwachie nani? Sirudi, wifi. Nilijua tangu mwezi wa tatu wa kuwa hapa. Nikawa nakupigia niseme, nikisikia sauti yako nasema habari za jua."

Basi, likawa limesemwa. Mama Pindo alikuwa amedhani akilisikia ataanguka, na kwa kweli alilia, alilia kwa sauti, hakujificha ukutani, akapenga kamasi kwenye upindo wa nguo yake mwenyewe. Wifi naye akalia. Walipochoka, Mama Pindo akafungua mkoba akatoa futi yake ya kupimia.

"Kavae lile gauni. Usiweke kibanio."

"Ya nini sasa?"

"Nalibana. Nilishona kwa kichwa, kichwa chenyewe kimepitwa na wakati. Nenda."

Wifi akarudi amelivaa, limemning'inia kila upande, akasimama katikati ya sebule na mikono ameinyanyua kidogo. Kumpima mtu kifua inabidi umzungushie mikono, hakuna njia nyingine. Mama Pindo akapitisha futi chini ya kwapa, lakini bega likamgomea nusu ya njia. Akasogea karibu zaidi, kidevu kikamgusa wifi begani, akajivuta, akajivuta, bega likamchoma kisawasawa, na ncha mbili za futi zikakutana mgongoni. Akaliacha bega liume. Hakuachia haraka, na wifi hakumwambia aachie.

"Arobaini," alisema. Akashuka kiunoni. "Thelathini na nne. Nyonga... arobaini na tatu. Ehe, umejipunguza kama sabuni."

"Andika basi."

Akaandika. Mara ya kwanza katika maisha yao akaandika kipimo cha wifi, nyuma ya tiketi ya basi. Kisha akachukua mkasi wake mdogo, akafumua ubavu wa gauni papo hapo mwilini, kitambaa kilichozidi kikabaki mkononi mwake.

"Hicho utakikata?" wifi akauliza.

"Kizito hiki. Nikikiacha ndani kitakukera."

"Kiache kinikere. Usikate." Wifi alikuwa akitazama mbele, hageuki. "Leo jioni utakula hapa, nami nitakula. Kesho pia. Mwezi ujao nitakuwa nimeongezeka, na mimi gauni langu simpi fundi mwingine. Itabidi uje uliachie."

Mama Pindo akaukunja ule ubavu upya na kitambaa chote ndani, akachomeka pini ya kwanza mbali kidogo na mwili.