Lengalenga za Gare

Jumamosi asubuhi, mvua za kwanza zilipokwisha kulainisha udongo, Kapya alifika kwenye kitalu cha miche akiwa na ndoo ya samadi kichwani. Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya masomo ya bustani, kwa sababu mwaka ule noti zilikuwa zikioza haraka kuliko samadi yenyewe. Mwalimu wao, Clovis, alikuwa bwana shamba wa serikali, na serikali ilikuwa imemsahau tangu zamani. Hata hivyo alikuja kila Jumamosi na buti zake za mpira, akasimama mbele ya miche ya mipapai na kufundisha kama kawaida.

Wanafunzi walikaa juu ya makreti ya bia yaliyopinduliwa. Wengi walikuwa kina mama ambao waume zao walifanya kazi viwandani bila mshahara. Clovis alimwomba kila mmoja aeleze shida ya bustani yake.

"Nilipanda lengalenga, haikuota," alisema Kapya, akionyesha kwa kidole miche ya mchicha. "Nikarudilia, haikuota tena. Batoto beko banakula bukari na chumvi, bila mboga."

Clovis alimuuliza kama aliifukia mbegu kwa kina sana. Hapana. Kama siafu walipita. Hapana. Akaomba udongo aliouleta ndani ya kitambaa, akaunusa, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi.

"Bulongo iko bien. Lupango ni ya nani?"

Kapya alitazama ndoo yake. "Minachunga tu," alisema.

"Ah, njo vile. Basi imeotea ku gare, kule treni inasimamaka."

"Nyanya zangu pia ziko kule," alisema Constance, mama mnene aliyekaa pembeni. "Karibu na tanki ya maji. Zimebeba muzuri."

Clovis aliendelea na somo la kutifua udongo. Kapya hakusikia hata neno moja. Kichwa chake kilikuwa kimevurugika, na hakujua aanzie wapi kukipanga.

Lupango ule wa mtaa wa Makomeno, kiwanja pamoja na nyumba yake, ulikuwa wa rafiki yake Mujinga. Kapya na mumewe Mwansa walikuwa wapangaji katika anexe ya jirani, kijumba cha nyuma, kwenye ua uliosakafiwa kwa simenti ambako hata nyasi hazikupata pa kuota, na Mujinga ndiye aliyemkatia Kapya tuta moja ndani ya uwanja wake, kando ya ukuta. Kila mwanzo wa mvua walikuwa na desturi yao: Mujinga alirusha konzi ya kwanza ya mbegu kwenye tuta la Kapya, na Kapya akarusha ya kwanza kwenye matuta ya Mujinga. Walisema mbegu hupenda mkono wa jirani. Kisha ukaja mwaka wa kufukuzana. Watu wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa hapahapa na wasioijua Kasai isipokuwa kwa jina, waliambiwa warudi kwao. Vijana walipoanza kupiga mageti kwa mawe, Mujinga alimpa Kapya ufunguo, akabeba sufuria na watoto, akaenda gare kungoja treni.

Kapya alikuwa na nia njema, hilo lisemwe. Mwanzoni aliingia kufagia tu. Kisha yeye na Mwansa wakalala humo usiku mmoja kwa ajili ya wezi. Kisha Mwansa akaandika jina lake mwenyewe kwenye geti kwa rangi nyeupe, ili wezi wajue kuna mtu, na vitanda vya watoto vikahamishwa kutoka anexe kabla ya mvua, kwa sababu anexe ilivuja.

Jumamosi iliyofuata somo lilikuwa kuhamisha miche, na darasa zima lilikwenda gare na makarai, majembe madogo na magunia yaliyoloweshwa. Gare ilikuwa imejaa watu wanaongoja: mikeka, majiko, mashine za kushona, picha za harusi zilizofungwa kwa shuka. Kati ya mikeka, kwenye changarawe ya reli ambamo hakuna kitu kingepaswa kuota, zilisimama bustani za nusu ya mji. Nyanya za Constance zilikuwa kweli karibu na tanki. Kabichi za mzee mmoja zilikuwa zimejaa njia ya pili, na mkuu wa gare alikuwa ameamuru vichwa vya treni vipite njia ya kwanza mpaka zivunwe.

"Pardon, mama," Clovis alikuwa akisema, akiinua kona za mikeka ili wachukue mizizi tu. "Tunashika paka racine. Pardon, papa."

Watu walisogea. Wengine walishika magunia ili udongo usimwagike.

Mujinga alikuwa amekaa juu ya furushi lake, kando ya tuta la lengalenga lililoota vizuri, majani mapana, mistari ikipinda kidogo upande wa kushoto. Alikuwa amekonda. Alicheka alipomwona rafiki yake.

"Nilijua ni yako," alisema. "Weye haujue kupanda mustari wa kunyooka. Ikala."

Kapya alikaa. Njiani alikuwa amejiapiza kusema yote: vitanda, jina kwenye geti. Sasa alianza kukwangua udongo kwenye jembe lake dogo.

"Minamwangiaka maji kila asubuhi," Mujinga aliendelea. "Batoto balitaka kuikula, na bantu ba hapa vilevile. Nikakataa. Nikabaambia: hii iko na mwenyewe, atakuya kuichukua."

Kapya aliwatazama watoto wa Mujinga. Walikuwa wamelala kifudifudi mchana kweupe, kama watoto wanavyolala wakiwa na njaa.

"Na nyumba iko namna gani?" aliuliza Mujinga.

"Iko bien."

"Nani analala mule?"

"Hakuna. Tunaingiaka tu kufagia."

Mujinga aliutazama ufunguo, uliokuwa ukining'inia kwa kamba shingoni mwa Kapya. Kapya aliona anautazama. Aliinua mkono, na kwa muda hakuelewa mkono ule ulikuwa unakwenda kufanya nini. Ulikwenda ukafunga kifungo cha blauzi.

"Usiupoteze," alisema Mujinga. Kisha akainama, akamsaidia kung'oa miche, taratibu, akikinga mizizi kwa kiganja. Kapya alimwachia safu ya mwisho. Mujinga alimshukuru sana.

Nyumbani alipanda upya kila mche kama alivyofundishwa, akaufunika kivuli kwa majani ya ndizi. Asubuhi tuta lilikuwa tupu na laini. Dereva wa treni aliyeishi mtaa wa pili alimwambia lengalenga zilikuwa zimerudi gare, zimelegea kidogo kwa safari lakini zitapona.

"Pale ufundi unafika mwisho," alikiri Clovis. "Mumea unafuata mwenye lupango. Haina dawa." Wanafunzi waliandika hivyo. Somo lililopaswa kufuata lilikuwa la wadudu, lakini Clovis aliliruka, kwa sababu mwaka ule neno hilo lilikuwa limeshatumika kwa watu, na hakuna aliyejua tena kulisikia vizuri. Alifundisha badala yake kilimo cha kwenye magunia: unachota udongo mtoni, ambako si lupango ya mtu, unajaza gunia, unatoboa ubavuni, unapanda. Mboga hizo ziliota. Makomeno ikajaa magunia mbele ya nyumba, na watoto wa Kapya wakala mboga.

Treni ya Mujinga iliondoka kabla ya Krismasi, na watu juu ya paa. Wiki ileile changarawe ya gare ikawa tupu, na vichwa vya treni vikarudi njia ya pili. Kapya aliambiwa na jirani. Hakwenda kuaga. Alisema alikuwa na nguo za kufua, na kweli alizifua, pamoja na zilizokuwa safi.

Baadaye dereva yule alirudi kutoka Kasai. Huko Mwene-Ditu, alisema, nyuma ya kanisa wanakolala waliofika, kuna tuta la lengalenga lililojitokeza lenyewe, mistari inapinda kushoto. Mama mmoja amelizungushia miba na hamruhusu mtu kuligusa. Anasema lina mwenyewe.

Kapya alilia, kisha akacheka, kisha akashindwa kujua ni kipi kilichokuwa kikiendelea.

"Umuambie akule," alimwambia dereva. "Umuambie ni yake."

Tangu siku ile hakukosa msimu. Kila mvua za kwanza, kabla ya kugusa magunia yake, alikwenda kwenye matuta ya Mujinga. Alitifua, akavunja mabonge, akachanganya samadi iliyooza vizuri. Alichagua mbegu bora, akarusha konzi ya kwanza kwa mkono wa jirani, kama walivyozoea. Hata Clovis, alipopita kumtembelea, alisema hajawahi kuona matuta yaliyotunzwa vile kwa ajili ya mtu aliye mbali.

Akimaliza, alinawa mikono kwenye bomba la nje. Kisha aliingia ndani, akaufunga mlango kwa ufunguo wa Mujinga, akaurudisha shingoni.