Jike Moja, Kutoka Nakivale

Jumatano moja ya Julai 2021, saa moja na robo asubuhi, Murhula alikuwa anazunguka bwawa la Prospect, Australia, akiwa na fulana ya kazini mwilini, ile ya njano inayowaka. Ametoka shifti ya usiku kwenye ghala moja la Seven Hills, kupakia mashine za kufulia. Lokdauni ilikuwa wiki ya nne. Sababu za kutoka nyumbani zilikuwa chache, na mazoezi ilikuwa moja, kwa hiyo watu ambao hawajawahi kukimbia hata wakifukuzwa walikuwa wanatembea kwa bidii kama wako kwenye usaili. Murhula alikuwa amechoka, lakini nyumbani Toongabbie binti yake Ketsia, wa miaka kumi na saba, alikuwa anaanza masomo kwenye laptopu na hataki mtu akoroge chai nyuma yake.

Watu wa kutazama ndege walikuwa wameshafika. Kila baridi ikiingia wako pale, wastaafu wenye darubini za bei ya gari, wanatembea kidogo, wanasimama, wananong'ona, wanaandika. Mwaka huo sheria ilisema watu wawili tu pamoja, basi wakatembea wawili wawili, kila jozi hatua tano nyuma ya jozi nyingine. Ilikuwa foleni ya watu ishirini na wawili ambao kisheria hawajuani.

Emérance, mke wa Murhula, alikuwa amekaa juu ya mti mkavu uliosimama ndani ya maji, katikati ya mnandi wawili, ndege weusi wa majini, waliokuwa wanaanika mabawa. Yeye pia alikuwa na mabawa, marefu, rangi ya majivu, na kitenge chake cha buluu chenye madoa ya njano kimefungwa kiunoni. Alikuwa amekonda.

"Papa Ketsia," akaita. "Unapita tu hivyo?"

Murhula akasimama. "Mama Ketsia. Umefika lini?"

"Jana, saa kumi. Nilitaka kuja mpaka nyumba, lakini pale getini kuna polisi, beko banaomba batu karatasi."

"Wanauliza anwani tu."

"Na miye anwani iko wapi?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Walikuwa hawajaonana miaka minne. Mwaka 2017, kambini Nakivale, Uganda, familia iliitwa kuhakikiwa: wote wasimame, wahesabiwe, wapigwe picha. Emérance alikuwa amerudi kwao Kavumu kumzika mama yake, akachelewa siku mbili. Mwenye kalamu akapiga mstari juu ya jina lake, na walioondoka kwenda Australia wakawa wawili, baba na mtoto. Tangu siku hiyo Murhula alielewa dunia inavyoendeshwa. Mtu ambaye hajaandikwa hayupo, hata akikukanyaga mguu.

Viza ya Emérance ilitoka baada ya miaka mitatu, na tiketi ya tarehe mbili Aprili 2020. Machi, Australia ikafunga mipaka. Wacheza tenisi waliendelea kuingia. Mwaka uliofuata, Februari, manyoya yakamwanza kwenye viwiko. Zahanati ya kambi ikampa mafuta ya ngozi na kuandika "aleji". Aprili viza ikaisha muda wake, na mabawa yakawa tayari, basi akafunga kitenge akaondoka. Njiani alipumzika siku tisa juu ya meli ya makontena. Mabaharia walimpa wali, wakamwambia asikae karibu na rada.

"Shuka twende," Murhula alisema. Halafu akafikiria geti la mbuga na polisi wake. "Hapana, ngoja. Kwanza uandikwe."

Maana alikuwa ameshamwona Glenys. Glenys alikuwa mwenyekiti wa Klabu ya Darubini, mwalimu mstaafu. Alivaa kizibao chenye mifuko kumi na miwili, kadi ya plastiki shingoni, na mkononi ubao wa kuandikia wenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Watu walikuwa wanamfuata mmoja mmoja, wanasema kitu, yeye anaandika bila kuwaangalia usoni. Mtu yeyote aliyekaa kambini miaka tisa anajua huyo ni nani. Murhula akaenda akasimama mwisho wa foleni.

Zamu yake ikafika. Glenys alimwuliza jina, akajibiwa, na kuanzia hapo akamwita Murray.

"Umeona nini, Murray?"

"Emérance." Akamtajia herufi moja moja, pamoja na ile alama ya juu.

"Jina la kwenu huko? Zuri sana. Wangapi?"

"Mmoja."

"Dume, jike?"

"Mwanamke."

"Jike. Anatoka wapi?"

"Nakivale, Uganda."

Glenys akainua darubini. Wote ishirini na wawili wakainua darubini. Walimtazama Emérance dakika mbili nzima bila mtu kukohoa, jambo gumu kwa mwaka ule.

"Madoa ya njano yanaanzia kiunoni," mzee mmoja akanong'ona. "Manyoya ya kike kabisa."

"Mkubwa huyu," Glenys alisema. "Mwaka wa kuanguliwa haujulikani, nadhani?"

"1983, mwezi wa tano," Murhula alisema.

Glenys alifurahi mno. Miaka thelathini ya kuzunguka bwawa hilo na hajawahi kuletewa tarehe. Murhula akaomba asome fomu kabla ya kuweka sahihi. Akapitia kila herufi. Ilikuwa mara ya kwanza jina la mke wake kuandikwa ndani ya Australia, na halikukosewa hata kidogo. Akasaini, akarudi kwenye maji, akamwambia mkewe, "Tayari. Uko kwenye lista."

"Baliniandika kama nini?"

"Wamekuandika tu. Shuka."

Emérance akasema atashuka polisi wakiondoka getini, lakini kamati ya klabu ilikutana kwa Zoom saa nne, saa tano ikapitisha, na saa sita mlinzi wa mbuga akafika na utepe wa njano. Ndege wa nchi ya mbali akishasajiliwa, alieleza, analindwa. Hakaribiwi chini ya mita thelathini. Halishwi. Haguswi. Hapelekwi nyumbani kwa mtu.

"Ni mke wangu," Murhula alisema.

"Sikatai," mlinzi alisema. "Lakini ameshaandikwa."

Murhula hakubishana. Neno hilo alilijua.

Agosti mambo yakakazwa. Watu wa magharibi ya jiji, upande wa Murhula, wakapewa saa moja tu ya mazoezi kwa siku, ndani ya kilomita tano, barakoa usoni, na helikopta juu ya paa kuhakikisha hamna anayekaa kwenye benchi. Kule ufukweni, upande wa matajiri, watu walikuwa wanalala mchangani na mbwa wao. Ila kuhesabu ndege adimu kulitangazwa kuwa kazi ya lazima, kwa hiyo watu wa ufukweni nao wakapata vibali, wakaja magharibi kwa mara ya kwanza maishani. Walileta viti vya kukunja na supu kwenye chupa. Waliuliza kama ni salama kuacha gari hapo.

Murhula alikuja kila siku kwa saa yake moja. Toongabbie mpaka pale kwa miguu ni karibu saa nzima, kwa hiyo alikuwa anaendesha gari, anatembea dakika tano, anasimama nyuma ya utepe, nyuma ya viti. Emérance alikuwa anaongea naye kwa sauti juu ya vichwa vya watu.

"Papa Ketsia, miguu imekufa baridi. Leta soksi."

Kwenye ukurasa wa klabu wakaweka rekodi: mlio wa asubuhi, mfululizo, sauti ya mwisho inarefushwa, maana yake haijulikani. Murhula aliandika pale chini kwamba maana yake ni soksi. Akapata jibu kwamba si vizuri kumpa ndege tabia za binadamu.

Siku moja alifunga bugali na sombe, majani ya muhogo, kwenye foili akairusha. Alikuwa na mkono mzuri, Emérance akadaka. Mlinzi akaja mbio akasema sombe itamharibia tumbo ndege huyo, amesoma kwenye makala kwamba anakula samaki wadogo. Samaki wabichi Emérance hakuwagusa hata siku moja. Alikuwa anaomba sandwichi kwa mabata.

Ketsia alikuja Jumamosi. Mara ya mwisho kumwona mama yake alikuwa na miaka kumi na tatu. Alisimama kwenye utepe, mikono ndani ya mifuko ya koti, akaongea Kiingereza kwa muda mrefu bila kuinua macho.

"Anasema nini?" Emérance akauliza kutoka kwenye mti.

"Anasema karibu," Murhula alisema.

"Muongo. Maneno yote ile ni karibu tu?"

"Anasema ungetua nyumbani. Kwetu kuna paa. Anasema darasani kwake wote wanakufuata kwenye simu na hawezi kuwaambia."

Emérance akainama kumtazama. "Mwambie amekuwa murefu."

"Nimesikia," Ketsia akasema, kwa Kiswahili. Akakaa chini kwenye umande, akavua viatu, akavua soksi zake, akazitundika kwenye utepe. Walipoondoka mlinzi akazitoa kwa kijiti, akaziweka kwenye mfuko wa takataka. Watu wa supu walimshukuru.

Pasta Gratien wa kanisa lao alisikia habari, akatangaza kwenye ibada ya Zoom kwamba ni ushuhuda mkubwa. Akamwomba Murhula aelezee kwa dakika mbili. Murhula alipofika kwenye sehemu ya utepe, pasta akamkumbusha muda, kwaya ilikuwa inasubiri.

Septemba, Murhula akapiga simu idara inayoshughulika na viza. Alisubiri saa mbili na nusu akisikiliza piano. Afisa aliyepokea alikuwa na sauti ya upole. Alitafuta faili, akaliona. Muombaji, alisema, anatakiwa kusubiri nje ya nchi mpaka mipaka ifunguliwe.

"Yuko hapa tayari," Murhula alisema. "Kwenye bwawa."

Afisa akaandika kitu. Hakuuliza amefikaje. Alisema kuna njia mbili na zote ziko wazi. Kama aliye bwawani ni mtu, ameingia bila viza katika kipindi cha dharura, basi litatumwa gari limchukue, atakaa Villawood, kituo cha kuzuilia wahamiaji, nyuma ya uzio wakati suala lake linaangaliwa, na ombi la zamani litafutwa. Kama ni ndege, idara haihusiki na ndege, kila kitu kitabaki kilivyo. Fomu itakuja kwa barua pepe. Ni kuweka alama kwenye kisanduku kimoja kati ya viwili. Mwisho Ijumaa.

"Villawood wanakaa muda gani?" Murhula aliuliza.

"Inategemea," afisa alisema.

Murhula alijua inategemea ni muda gani. Kuna jamaa wa Fizi aliyefungwa pale, Murhula alikuwa anamtembelea kabla ya korona. Alimkuta na nywele nyeusi, wakaachana zikiwa nyeupe.

Alhamisi alichukua fomu, akaipeleka bwawani. Mvua ilikuwa inanyesha na watu wa ufukweni hawakuja, mvua ya magharibi hawaijui. Mlinzi alikuwa ndani ya gari lake. Murhula alisimama kwenye utepe akamsomea mkewe yote, polepole, akitafsiri. Alisema yeye anaona waandike mtu. Kweli ni kweli. Mtu ana wakili, mtu ana rufaa, ndege ana nini?

Emérance alikuwa amekunja mabawa juu ya kichwa kama mwavuli.

"Mtu wa Villawood," alisema, "banamupatia foleni?"

"Ya chakula. Ya simu. Ya daktari."

"Na lista?"

"Na lista."

Alicheka kidogo. "Papa Ketsia, mtu nilishakuwa. Miaka kumi na tatu kambini nilikuwa mtu, kila mwezi nasimama nahesabiwa, na siku nilizika mama, mtu akafutwa. Sikiliza. Tangu nimekuwa hii kitu hapa, kuna aliyenifukuza? Bananilinda na kamba. Kuna muzee analeta mwavuli, anaiwekea kamera yake, lakini ameleta. Andika ndege."

"Na mimi?"

"Wewe uko na saa moja."

"Na Ketsia?"

Mnandi mmoja aliruka, tawi likatikisika, Emérance akajishika. "Ketsia aje na vitabu yake asomee hapa," alisema. "Mwambie Kiingereza nitakisikia tu, polepole. Andika, karatasi inalowa."

Murhula akaegemeza fomu kwenye goti, akaweka alama kwenye kisanduku cha pili, cha ndege, akaipiga picha akaituma. Idara ikajibu siku ileile, ndani ya dakika kumi na moja. Ilikuwa haijawahi kumjibu kitu chochote chini ya miezi minane. Walimshukuru kwa ushirikiano na wakamtakia usalama yeye na kipenzi chake.

Wiki ya mwisho ya Septemba klabu ikapata kibali cha kumfunga Emérance pete ya mguu, ile ya chuma yenye namba, ili hata akienda nchi nyingine ijulikane ni wa hapa. Glenys alikuja na mtu mwenye leseni, koleo na mizani. Emérance alishuka mwenyewe mpaka ukingoni, akakaa kwenye jiwe, akanyoosha mguu. Ulikuwa unatetemeka kwa baridi, na mwenye leseni akasema hawezi kubana pete kwenye mguu unaotetemeka.

Glenys akaangalia huku na huku. "Murray," alisema, "wewe anaonekana hakuogopi. Pita chini ya utepe. Mshike."

Murhula akapita. Akapiga magoti kwenye matope, akaushika mguu wa mkewe kwa mikono miwili, juu ya kifundo. Ulikuwa wa baridi na ngozi yake ilikuwa ileile. Kutetemeka kukaisha. Mwenye leseni akapitisha pete, akabana kwa koleo, akasoma namba kwa sauti, Glenys akaandika.

"Utaratibu unasema sekunde thelathini," mwenye leseni alisema. "Zaidi ya hapo ni mateso kwa ndege. Mwachie."

Murhula akamwachia.