Kadi Huandikwa Mwisho

Fernande Dubay alishuka kwenye gari lake la kazi akiwa ameshavimba kwa hasira tangu nyumbani kwake. Alimkasirikia mdogo wake Rejean, aliyempigia simu asubuhi ile na kumwambia bila hata salamu, "Mama kalipua tanuru." Aliikasirikia baridi, kwa kuwa ilikuwa Januari na kipimajoto cha mlangoni kilisoma nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Zaidi ya yote alimkasirikia mama yake. Miaka nenda miaka rudi mama huyo alikuwa ameambiwa jambo moja tu kuhusu tanuru la mafuta linalopasha nyumba joto: kitufe chekundu kinabonyezwa mara moja. Likikataa kuwaka, unapiga simu, unavaa makoti mawili, unangoja.

Katika bonde lile la kaskazini kabisa mwa Maine hakuna asiyelijua hilo, na kila mwaka baridi ikikaza yupo anayejifanya halijui. Ukibonyeza, pampu inarusha mafuta ndani ya tumbo la tanuru. Moto usiposhika, mafuta yanabaki palepale. Ukibonyeza tena yanaongezeka. Cheche ikija kukubali, yanashika yote kwa pamoja, mlango wa tanuru unafyatuka, na masizi yanapanda kwenye mabomba ya hewa ya moto mpaka vyumbani. Fernande alikuwa fundi wa matanuru kwa miaka thelathini na mmoja. Alishasafisha nyumba za wajinga wa aina hiyo mpaka akachoka kuwahurumia.

Alipofungua mlango wa jikoni alisimama. Mapazia yalikuwa meusi. Picha ya Bikira Maria ilikuwa nyeusi. Sahani zilizopangwa kabatini, kitambaa cha meza, hata mvi za mama yake zilikuwa na masizi. Mama Alphonsine, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa ameketi karibu na jiko la kuni amevaa koti la marehemu mumewe, mikono imelala mapajani. Jiko lile lilipasha joto jikoni tu. Kwingine kote nyumba ilikuwa inapoa, na mabomba ya maji yalikuwa na saa chache kabla hayajaganda na kupasuka.

Rejean alikuwa mezani na karatasi yenye picha za wazee wanaocheka.

"Umeona sasa?" alisema. "Umeona, dada? Toka vuli nasema, mnaniona mbaya. Pale nyumba ya wazee pana chumba. Alhamisi anaingia."

"Hebu ngoja kwanza," Fernande alisema. Akamgeukia mama yake. "Mama. Ulibonyeza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mama."

"Nimesema mara moja. Likanguruma, likapasuka."

"Tanuru halipasuki kwa mara moja, Mama! Mimi ndiye fundi hapa. Mara ngapi?"

"Moja."

Rejean aliinama mbele, akaongea polepole kama anayeongea na mtoto wa chekechea. "Mama, leo siku gani?"

"Jumatatu. Na wewe umevaa soksi za rangi mbili."

"Jana ulikula nini?"

"Maharage na mkate. Na mkeo hajui kupika maharage, mwambie nimesema."

Siku nyingine Fernande angecheka. Leo hakucheka. Damu ilikuwa inamchemka, kwa sababu alijua alichokiahidi. Sikukuu ya Krismasi, mbele ya ukoo mzima, Rejean alipoleta habari za nyumba ya wazee, ni yeye Fernande aliyegonga meza. Alisema tanuru liko juu yake, na maadamu tanuru liko juu yake mama haondoki nyumbani kwake. Sasa mama huyuhuyu amemvua nguo mbele ya Rejean, na bado anamkazia macho anadanganya.

"Kwa mara ya mwisho, Mama. Ulibonyeza mara ngapi?"

Mama Alphonsine aligeuzia uso dirishani.

"Basi!" Fernande alifyatuka. "Basi, Rejean. Alhamisi. Mpeleke. Siwezi kulala kila siku nikiwaza ataamka kwenye majivu."

Hayo yalimtoka mdomoni, akayasikia, na hakuyarudisha. Alichukua sanduku lake la vifaa akashuka chini ya nyumba huku ngazi zikilia chini ya mabuti yake.

Tanuru lilikuwa limekaa pale lilipowekwa na baba yake, Onezime Dubay, aliyekuwa fundi kabla yake. Mlango wake mdogo ulikuwa umening'inia kwa bawaba moja. Fernande alizima umeme wa tanuru, akafunga koki ya tangi, akawasha tochi ya kichwani. Alichungulia ndani akatukana kwa Kifaransa cha bondeni. Chini ya tumbo la tanuru kulikuwa bado na mafuta, na matofali yamelowa chapachapa.

"Mara moja, eti," alisema peke yake. "Mara moja!"

Alinyonya masizi kwa mashine, akakausha mafuta kwa matambara, akatupa matambara kwenye ndoo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha alivuta mkono wa kichomeo na kuifungua nozeli, kile kichwa kidogo cha shaba kinachopuliza mafuta yakawa kama ukungu. Aliigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa imeziba nusu, nyeusi, na ncha yake ilikuwa ikidondosha. Tone. Tone jingine.

Hapo hasira zake zilipata njia mpya. Nozeli ya miezi minne haiwi hivyo. Aliyeiweka ni yeye mwenyewe, Septemba. Viwandani siku hizi wanatengeneza takataka, alijisemea, na angempigia aliyemuuzia amtolee uvivu. Nozeli ikidondosha namna ile mafuta yanajaa humo taratibu, siku hata siku, bila mtu kugusa chochote. Kikwazo kidogo tu cha cheche, halafu mtu akibonyeza hata mara moja...

Alisita. Akalisukuma wazo hilo kando, akafungua chujio la mafuta kando ya tangi.

Lilitoka na uji mweusi. Fernande alikuwa na desturi ya kuandika tarehe kwa kalamu nene kwenye kila chujio kabla ya kulitumbukiza. Alilifuta kwa kidole gumba. Mwandiko ulikuwa wake, Septemba ilikuwa Septemba, lakini mwaka haukuwa huu uliopita. Ulikuwa wa kabla yake.

Akakaa juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa.

Kadi ya tanuru ilikuwa inaning'inia kwa waya ubavuni, kama ilivyo kwenye kila tanuru la bonde lile, na kila fundi aliyegusa chochote ameandika humo. Ile ya nyumba ya mama yake ilianza na mwandiko wa baba yake. Mzee Onezime alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata siku alipokuwa na homa: kadi huandikwa mwisho, baada ya moto kuwaka, kabla ya kunawa. Alitaka kila mstari uwe na alama ya dole gumba lenye mafuta. Kwake mstari usio na dole haukuwa kazi. Fernande alimcheka alipokuwa msichana, kisha akawa anafanya vilevile bila kujua ameanza lini.

Alifuta masizi kwenye kadi. Mistari ilishuka mmoja mmoja, kila mmoja na doa lake la kahawia, ya baba, halafu yake, ishirini na zaidi. Wa mwisho ulisema: *Septemba 14. Nozeli mpya. Chujio jipya. F.D.* Ulikuwa safi. Hata alama ya ukucha haukuwa nayo.

Akakumbuka yote. Siku ile alishuka, akafungua kadi, akaiandika kwanza ili asisahau, mikono ikiwa mikavu. Mama yake akaita kutoka juu kwamba ploye, zile chapati za bondeni, zinapoa na mchuzi wa kuku uko mezani. Akaacha vifaa juu ya tangi akapanda kula. Wakala ploye nane wao wawili, wakamsengenya padri mpya mpaka machozi ya kicheko yakawatoka. Simu ikalia, kuna tangi linavuja kwa watu ng'ambo ya mji, naye akakimbia na tonge mdomoni. Hakushuka tena.

Aliinua macho juu ya tangi. Palikuwa na chupa ya kioo ya jamu, imefungwa kifuniko, imepakwa masizi. Aliifuta. Ndani yake kulikuwa na nozeli mpya kwenye kichupa chake cha plastiki, na chujio jipya limefungwa vizuri kwenye kitambaa. Juu ya chupa palikuwa na karatasi iliyobandikwa, mwandiko wa mama yake umenyooka vizuri: *Vya Fernande. Visiguswe.*

Hasira zote alizozibeba tangu asubuhi zilibaki palepale, ila hazikuwa na mwingine wa kumwangukia. Alijichukia mpaka meno yakamuuma. Kisha akafikiri jambo ambalo baadaye alilionea haya kuliko yote. Chupa ile ingeingia mfukoni. Mstari wa Septemba ungepata dole gumba sasa hivi, nani angejua? Leseni yake ingebaki, jina lake ubavuni mwa gari lingebaki. Mama angekwenda Alhamisi. Juu angesema tu kwamba wazee husahau.

"Mwizi mkubwa wewe," alijiambia kwa sauti.

Akashika chupa kwa mkono mmoja, kadi kwa mkono wa pili, akapanda.

Rejean alikuwa anajaza fomu. Mama alikuwa bado anatazama dirishani.

"Weka kalamu chini," Fernande alisema.

"Imekuwaje? Linawaka?"

"Nimesema weka kalamu chini." Akaweka chupa mezani. "Sikubadilisha nozeli. Niliandika kwenye kadi kwamba nimebadilisha, nikaja kula, nikaondoka. Ile ya zamani imekuwa ikidondosha humo ndani tangu vuli. Angebonyeza mtoto, angebonyeza askofu, lingelipuka vilevile. Mama alibonyeza mara moja."

Rejean alitazama chupa, akamtazama dada yake, uso ukamwiva. "Subiri. Yaani nimemwandikia mama yangu Alhamisi kwa uzembe wako? Wewe uliyegonga meza Krismasi? Tanuru liko juu yangu, tanuru liko juu yangu! Lingemuua, Fernande!"

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungeshuka ukamaliza kazi!"

"Nimesema najua! Nipigie kelele, haki yako. Lakini fomu hiyo uichane."

"Nyamazeni wote wawili," Mama Alphonsine alisema.

Hakupaza sauti. Alisimama, akaichukua ile karatasi yenye wazee wanaocheka pamoja na fomu yake, akafungua jiko la kuni akavitia humo, akafunga. Kisha akamgeukia Fernande, na Fernande akaona kwamba kimya cha mama yake pale dirishani hakikuwa cha kuchoka. Mama alikuwa amekasirika kuliko wote.

"Niliviona Oktoba nilipofuata viazi," alisema. "Nikadhani ni vya akiba. Baba yako alikuwa akiacha vya akiba. Nikakuwekea visishike unyevu. Nikakuwekea, unanisikia? Leo umeniuliza mara tatu, mbele ya huyu, kama mwizi wa kuku. Huyu simshangai, huyu tangu utoto hasikii. Wewe ulinijua."

"Mama, nisamehe."

"Sijafika huko. Kwanza nyumba yangu inaganda. Shuka ukafanye kazi."

Fernande alichukua chupa na kadi akashuka. Aliweka nozeli mpya, akanyoosha ncha za cheche, akafuta kijicho kinachotambua moto, akaweka chujio na kuandika tarehe yake. Alirudisha mlango kwenye bawaba, akafungua koki, akarudisha umeme, akaitoa hewa pampuni mpaka mafuta yakaja bila povu. Aliyafanya yote taratibu, na kila alipomaliza jambo alilirudia kwa macho. Alipotaka kumwita mama, alisikia ngazi zikilia.

Mama Alphonsine alikuwa anateremka, mkono mmoja ukutani. Rejean alikuwa nyuma yake anataka kumshika, na kila akimshika anapigwa kofi la mkono.

"Andika," mama alisema alipofika chini.

"Moto haujawaka, Mama. Kadi huandikwa..."

"Andika lile la Septemba. La leo utaandika baadaye."

Fernande alichukua kalamu. Akaandika chini ya mstari ule safi: *Septemba 14 sikubadilisha kitu. Nilidanganya kadi. F.D.* Akakandamiza dole gumba lake jeusi pembeni. Mama alivaa miwani akausoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka Rejean akatazama sakafu.

Halafu akasogea mbele ya tanuru, akanyoosha kidole juu ya kitufe chekundu, na akamgeukia binti yake.

"Nibonyeze mara ngapi, fundi?"

"Mara moja, Mama."

Mama akabonyeza. Pampu ikanguruma, cheche zikalia, na moto ukashika ndani ya tumbo la tanuru, ukatulia na kuwa ngurumo moja isiyokatika. Walisimama watatu wakiusikiliza. Mabomba juu yao yakaanza kugongagonga yakipata joto.

"Nilibonyeza hivyohivyo," mama alisema. "Sasa andika la leo. Ukimaliza, uoshe mapazia yangu yote, na picha. Na leo utakula kwako."

Akaushika ukuta, akaanza kupanda ngazi peke yake, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.