Ukanda wa Migomba

Mwaka ule Bwana Mipango alipochora ukanda wa kijani baina ya Uzunguni na nyumba zetu zilizobanana za Mbeya, penseli yake ilipita juu ya migomba ya Sekela. Karani Philbert, kijana mstaarabu kutoka Iringa, akatumwa kuitangaza amri.

"Dada, hapa patabaki nyasi fupi tu. Migomba ikatwe."

"Baba mkwe wangu anakaa ng'ambo ya migomba hii, kaka. Nitapita wapi kwenda bombani?"

Philbert hakuelewa. Hakujua kwamba mke wa Mnyakyusa haruhusiwi kuonana na baba wa mumewe, na kwamba ni majani yale mapana tu yaliyowawezesha kuwa majirani. Migomba ikakatwa.

Kesho yake Sekela alifungua mlango, akamwona mzee Asukile kibarazani, akaufunga. Mzee naye alikimbilia ndani kwa kasi iliyoangusha kigoda. Ikawa hivyo kutwa: huyu akichungulia, yule anajificha. Ndoo ya Sekela ilishinda kavu.

Philbert alipokuja kukagua, mzee alimwita kupitia dirishani.

"Karani! Mwambie yule mama anipishe, nataka kwenda chooni."

"Si umwambie mwenyewe, mzee? Yuko pale mlangoni."

"Nimwambie mwenyewe! Huko Iringa ulilelewa na nani?"

Kwa kukosa njia nyingine, karani alitandaza koti lake la mvua kama pazia, akatembea ubavu kwa ubavu na Sekela hadi bombani. Majirani walicheka hadi wakaketi chini.

"Jamani, serikali imetuletea mgomba unaovaa tai!"

Asubuhi iliyofuata aliitwa tena, na nyingine tena. Hatimaye akamwendea Bwana Mipango.

"Bwana, ukanda ule ni wa kazi gani hasa?"

"Kutenganisha watu wasiopaswa kukaribiana."

"Basi Sekela na mkwewe walikuwa na ukanda wao tayari, tukaukata."

"Kanuni inasema nyasi," alijibu Bwana Mipango. Mvua zilipoanza na visiki vikachipua, alimpa Philbert jembe akaving'oe.

Philbert alifika, akayatazama machipukizi. Nyuma yake dirisha likafunguka.

"Karani! Chooni!"

Mbele yake mlango wa Sekela nao ukagongwa kutoka ndani. "Kaka, ndoo!"

Akaliegemeza jembe mlangoni pa Sekela.

"Yapalilie, dada," alisema, akilivua koti. "Tena uharakishe. Hili limeanza kuvuja."