Pipa Lisilo na Nzi

Naanza na mtungi, kwa sababu kama ule mtungi usingevunjika, lile pipa lisingeingia katika nyumba ya dada yangu.

Mwaka uliofuata uhuru nilikuwa nazunguka na jiko langu dogo, mkasi wa bati na risasi ya kuzibia, nikitengeneza taa, masufuria na madebe ya watu. Nilikuwa nalala popote kazi iliponiachia giza. Nikiwa nyumbani Kisegi, nikamkuta dada yangu Awino amekuja kumwona mama. Yeye alikuwa ameolewa Ntimaru kwa Wakuria, kwa bwana mmoja anaitwa Maroa. Mtu mpole, hana neno. Shida haikuwa Maroa. Shida ilikuwa baba yake, mzee Kerosi.

Awino alinieleza tukiwa tumekaa nyuma ya nyumba, anachambua wimbi na haniangalii.

“Ule mwezi nilioingia boma lile, mtoto wa kwanza wa mzee alifura tumbo akafa,” akasema. “Sasa wanauangalia mlango wangu, Zadock. Nikipika, watoto wa mawifi wanaitwa warudi kwao.”

“Na mzee anasema nini?”

“Mzee hasemi. Mzee hajanywa hata maji ya nyumba yangu.”

Halafu akanieleza lililomleta. Maroa alikuwa amembembeleza baba yake mpaka akakubali kuja kunywa pombe ya mkono wa Awino, yeye na wazee wenzake. Kama mzee angekunywa mle ndani, maneno yangekwisha. Lakini kama mtu yeyote angeshikwa na tumbo baada ya pombe ile, Awino alijua kitakachofuata. Mwanamke wa boma la jirani aliwahi kuchomewa nyumba kwa jambo dogo kuliko hilo, na aliyemtoa ndani alimtoa kwa nywele.

“Twende pamoja,” akaniambia. “Wewe si unatangatanga tu? Tangatanga kwa faida yangu mara moja.”

Basi tukaondoka. Mama yetu Zilpah alimfungia kwenye kitambaa machicha makavu ya pombe yake ya zamani. Hayo ndiyo ya kuamsha pombe mpya, maana mtungi mpya haujui kazi mpaka uonjeshwe. Mitungi yenyewe tulinunua Rodi Kopany, siku ya soko.

Nimeona watu wengi wakinunua vitu, lakini sijaona mtu akinunua kama Awino siku ile. Alipita mitungi yote iliyopangwa chini. Akigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Mtungi mzima unalia kama kengele, wenye ufa unasema kama mtu mwenye mafua. Akatia kichwa ndani, akanusa. Akaomba maji, akamwaga ndani, akakaa chini kungoja aone kama utatoka jasho. Mfinyanzi, mama mnene anaitwa Phelesia, akachoka.

“Nyathina, mwanangu, unanunua mtungi au unatafuta mume?”

“Mume ninaye, mama. Mume akivuja unaweza kumrudisha kwao. Mtungi ukivuja utaurudisha wapi?”

Wanawake wakacheka mpaka Phelesia mwenyewe akampunguzia bei. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu, na niliona kwamba yeye hakucheka. Alichagua mitungi miwili mikubwa yenye tumbo pana na shingo nyembamba. Tukaifunga kwa majani makavu ya ndizi, ikapanda juu ya lori. Kabla ya kufika Migori, lori likaruka jiwe, kamba ikalegea, na mtungi mmoja ukashuka chini kama papai bivu.

Awino hakulia. Alikusanya vipande vyote kama mtu anayeokota mifupa, akavitia kwenye shuka.

Maroa alitupokea vizuri. Kusikia habari ya mtungi, akapiga paja.

“Mama watoto, usinune. Nina kitu ndani, utashangaa.”

Akaviringisha pipa la chuma kutoka nyuma ya ghala. Mdomo wake wote ulikuwa umekatwa, kingo zimepigwa nyundo zikalala vizuri. Alikuwa amelibadilisha kwa mbuzi kule ng'ambo ya mpaka. Na alikuwa amelifanyia kazi: alilisugua kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa, halafu akalifukiza kwa makaa ya mti mtamu, vile watu wa kwao wanavyofukiza vibuyu vya maziwa. Nikatia kichwa ndani. Lilinukia moshi mzuri tu, mpaka mate yakanijaa.

“Shemeji, wewe ni fundi wa mabati. Unalionaje?”

“Halivuji,” nikasema. Na kweli halikuvuja.

Awino akaligonga kwa kifundo. Likatoa sauti asiyoijua. Akatazama mtungi mmoja uliobaki, akatazama pipa, akatazama upande wa nyumba ya mzee Kerosi. Wageni waliotarajiwa walikuwa wengi, na mtungi mmoja usingewatosha.

“Haya,” akasema.

Unga wa mahindi ulichachuliwa, ukakaangwa juu ya bati, ukaenda ndani na maji na kimea cha wimbi. Machicha ya mama yakaingia mtungini. Mtungi ulipoamka na kuanza kunong'ona, Awino akachota humo kwa kibuyu na kumwaga kwenye pipa ili nalo liamke. Likaamka vizuri sana. Kila aliyepita alilisikia likichemka bila moto. Mzee Kerosi alilisikia kutoka uani na akaenda kuwatangazia wenzake kwamba mwanawe anapika pombe ya pipa zima, kama mzungu.

Asubuhi ya siku ya wageni niliingia mle ndani kutafuta kamba yangu. Jua lilikuwa limeingia mlangoni hadi kwenye mtungi. Kitambaa kilichofunika mtungi kilikuwa cheusi kwa nzi, wanasukumana kama watu wa sokoni. Hilo ni jambo la kawaida, pombe na nzi ni majirani. Nikageukia pipa. Lilikuwa linachemka vilevile, harufu ileile, kitambaa kilekile.

Hakuna nzi hata mmoja.

Nikasema labda ni moshi. Nikainama. Chini ya pipa, kulizunguka lote, nzi walikuwa wamelala miguu juu. Wengine walikuwa wanazunguka polepole kwa mgongo, hawawezi kuinuka.

Nikamwita Maroa, sauti ndogo.

“Hili pipa lilikuwa la nini?”

“La mafuta.”

“Mafuta gani?”

“Aliniambia mafuta, shemeji. Sikumuuliza ukoo wake.”

“Aliyekupa anakaa wapi?”

Nilimwona akiliona jibu kabla ya kulisema.

“Karibu na josho,” akasema. “Pale wanapoogesha ng'ombe.”

Dawa ya kupe. Tulitazamana. Nyuma yetu mzigo wa kuni ulianguka, maana Awino alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote.

“Tuimwage,” nikasema.

“Uimwage wapi?” Maroa akanong'ona. “Mama zangu wako uani wanamenya ndizi. Wakiona pombe inamwagwa asubuhi ya wageni watasema nini? Watasema ameshtuka. Watasema alitia kitu halafu akaogopa.”

“Basi tulifunike, tuwape ya mtungi peke yake.”

“Tufanye hivyo,” akasema Awino. Midomo yake ilikuwa imekauka, nyeupe kama ya mtu aliyekula unga. Akalifunika pipa kwa ungo, juu ya ungo akaweka jiwe la kusagia, kama vile ile pombe ingeweza kutoka yenyewe.

Wageni walikuja jua likiwa juu. Mzee Kerosi alikuwa mrefu na mkavu, na Kiswahili chake alikipata jeshini, kimejaa amri. Nyuma yake alikuja Gichana, mzee mfupi mwenye maneno mengi, na wengine waliokaa tu na kungoja. Kila mmoja alikuwa na mrija wake mrefu wa kunywea. Awino alikuwa nyuma ya ukuta wa ndani, maana kwao mke wa mwana haonyeshi uso wake kwa baba mkwe wala hamsemeshi. Maneno yote yanapita kwa mume. Mimi nilikaa kwenye pembe ya ukuta, ninaweza kuwaona wazee na ninaweza kumsikia dada yangu anapumua.

Maroa akasogeza mtungi mbele ya baba yake. Mzee akauangalia, halafu akanyoosha fimbo akaigonga kwenye pipa.

“Mtungi wapewe wanawake. Sisi tumekuja kwa hili. Fungua!”

“Baba, hili halijaiva vizuri…”

“Halijaiva? Masikio yangu yamelisikia likiimba. Fungua! Na mwenye pombe aanze, kama desturi.”

Desturi ni hiyo: aliyepika anakunywa kwanza, watu wanamwona. Maroa aliliondoa jiwe, akaondoa ungo. Halafu akafanya jambo lililonirusha moyo: akachukua mrija yeye mwenyewe, akasema, “Nitaanza kwa niaba yake,” akainama.

“Baba, usinywe hiyo. Wala wewe, Maroa.”

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta. Haikuwa kubwa, lakini kila mtu alisikia, na uani visu vya ndizi vilinyamaza. Mke wa mwana amemsemesha baba mkwe.

Gichana akaruka juu. “Mmesikia? Amesema kwa mdomo wake! Ametia kitu humo! Si niliwaambia?” Wawili wakashika fimbo. Mimi nikashika nyundo yangu ndogo chini ya shati, na najua isingesaidia kitu.

“Kaa chini, Gichana,” akasema Kerosi. “Huna hata meno ya kugombana nayo.” Hakucheka mtu. Mzee akageuza kichwa upande wa ukuta, lakini macho yake akayaweka chini. “Wewe ndani. Sema.”

“Pipa limetoka josho, baba. Nimejua leo. Tazama chini yake.”

Kerosi aliinama. Magoti yake yalilia. Aliokota nzi mmoja, akamweka kwenye kiganja, akamgeuza kwa kidole. Nilikuwa namtazama shingo, kwa sababu nilifikiri hasira itaanzia pale.

“Na mtungi?” akauliza.

“Mtungi nimeununua mimi. Nitakunywa mbele yenu.”

“Utakunywa. Na sisi tutangoja.”

“Mpaka saa ngapi?” akauliza Gichana.

“Mpaka ng'ombe warudi kutoka mtoni. Mtu asiguse mrija.”

Awino akatoka, akiwa amegeuza mgongo kwa wazee na kitambaa usoni. Akakaa karibu yangu. Maroa akamimina maji ya moto mtungini, na Awino akavuta kwa mrija. Akavuta tena. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Halafu akauweka mrija mapajani, na wazee wote wakaanza kuutazama mgongo wake.

Jua halikusogea. Awino akaegemea kidogo upande wangu na kuninong'oneza kwa Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, bila kutikisa midomo.

“Owadwa, ndugu yangu. Kile kibuyu.”

“Kibuyu gani?”

“Nilichota mtungini nikamwaga kwenye pipa. Sikumbuki kama nilikirudisha mtungini bila kukiosha. Nilikuwa na kibuyu kimoja tu.”

Nikahisi jasho linashuka mgongoni kama mdudu. Kama tungeuondoa mtungi sasa, wangetumaliza. Kama tungeuacha na kibuyu kilirudi, tungewaua wazee wale, na yeye angekuwa wa kwanza. Nikamwangalia mkono. Alikuwa amejifinya kwenye paja kusikiliza kama nyama bado inasikia.

“Tumbo?” nikauliza.

“Linaniuma tangu asubuhi. Sijui ni la woga au la nini.”

Akakohoa. Kikohozi kimoja tu, kidogo. Gichana akasogea nyuma na kigoda chake chote. Maroa akafumba macho. Nzi mmoja akaja, akatua kwenye mdomo wa mtungi, na naapa wazee wote waliinama pamoja kumtazama, kama wanasoma barua ya serikali. Nzi akatembea ukingoni, akaingia ndani. Hatukumwona. Halafu akatoka, amelowa, akajisugua miguu ya mbele, akaruka akaenda kwenye pua ya Gichana.

“Anakuuliza kwa nini unakimbia,” akasema mzee mmoja, na mwingine akatoa pumzi iliyokaribia kuwa kicheko. Kerosi hakucheka. Bado alikuwa anautazama mgongo wa Awino.

Halafu kengele za ng'ombe zikasikika mbali, zikapotea, zikasikika tena. Awino alikuwa amekaa vilevile, mgongo umenyooka. Ng'ombe wakapita uani na vumbi lao na harufu ya maji ya mto, na mlango ukawa giza, ukawa mwanga tena.

“Maroa,” akasema Kerosi. Hakumsemesha Awino, na hakutazama tena upande wake. “Hilo pipa lichimbie shimo, mbali na maji. Litoboe kwanza, mtu asilione zuri.”

“Ndiyo, baba.”

“Na mwambie mke wako pombe imepoa. Aongeze maji ya moto.”

Niliisikia pumzi ikimtoka dada yangu, yote kwa mara moja. Akainuka na kuingia nyuma ya ukuta, mahali pake, na nikamsikia akitafuta birika kwa kupapasa. Maroa alileta maji, akamimina. Mzee Kerosi akauinua mrija wake. Uligonga mdomo wa mtungi mara nyingi kabla ya kuingia, halafu akanywa, ndani ya nyumba ya dada yangu.