Diski Iliyolala na Mbegu

Huku milimani mbegu hailali nyumba moja. Mahindi ya kupanda huwekwa darini, juu ya mafiga, moshi uyakaushe na fukusi wayachukie. Kisha sehemu yake hupelekwa kwa ndugu, kwa sababu moto haubishi hodi. Basi Paskalina, mwenye duka la picha na uchapaji pale Bumbuli, alipompelekea mama mkwe wake diski yenye nakala ya kila kitu kilichokuwa kwenye kompyuta, hakuona haja ya maelezo marefu.

"Mama, uitunze kama unavyotunza mbegu," alimwambia.

Bibi Bertha wa Mgwashi si mtu wa kuambiwa mara mbili. Aliifunga diski kwenye kipande cha kanga, akaipandisha darini katikati ya mahindi, akarudi kuchochea moto wake. Mtaalamu wa kompyuta angezimia.

Wiki chache baadaye homa ilimchukua Jenipher, mtoto pekee wa Paskalina na Tobia, akiwa na miaka sita na pengo la mbele aliloliringia kuliko gauni lake jipya. Mwaka ulipokaribia kutimia wakapanga ibada ya kumbukumbu na msalaba wa saruji wenye picha yake. Paskalina alikuwa bado anachagua picha wakati radi ilipopiga duka. Kompyuta ikaungua na Jenipher wake wote. Nakala ilibaki moja tu duniani, nayo ilikuwa inakula moshi Mgwashi.

Akaazima kompyuta ndogo ya mwalimu mmoja jirani, akapanda mlima asubuhi, ukungu umelala juu ya chai. Njia nzima aliomba Mungu. Alikuwa ameanza kuusahau uso wa mwanawe, na hilo lilimtisha kuliko kifo chenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama Jeni. Mgoshi wako hajambo?"

"Tobia hajambo. Nimefuata ile diski."

Bibi Bertha aliiteremsha, nyeusi kwa masizi. Paskalina aliipangusa, akaichomeka palepale jikoni, na kitaa chake kidogo kikawaka. Alishukuru kwa sauti.

Picha ya kwanza ilifunguka: Jenipher kwenye ngazi ya duka, gauni la njano, anacheka. Paskalina alilia, akacheka, akaugusa uso ule kwa kidole. Kisha kidole kikasimama.

Pengo halikuwepo. Mahali pake palikuwa na meno mawili mapya, makubwa, kama ya mtoto wa darasa la pili.

Akafungua nyingine. Gauni lile lile alilolishona yeye mwenyewe, lililokuwa likimvuka magoti, sasa lilikuwa limepanda mapajani. Akafungua ya Krismasi, ya kanisani, ya shambani. Meno yalikuwepo kote, miguu mirefu, nywele zimejaa. Na kwenye kila paji la uso palikuwa na alama ya masizi. Paskalina aliisugua kwenye kioo. Haikutoka.

"Mama," alisema, "huyu ni nani?"

Bibi Bertha aliinama, akatazama, wala hakushtuka.

"Ni Jeni. Mbegu ikilala pazuri inakufa?" Akasogeza kuni. "Asubuhi nikipuliza moto huwa namsikia anakohoa. Nilidhani unajua."

Paskalina alikuwa amekuja kunakili picha moja tu, ya msalaba. Mkono ulikuwa tayari. Lakini mama gani atabandika kaburini uso wa mtoto anayeota meno? Aliogopa, na ndani ya hofu ile mlikuwa na furaha aliyoionea aibu. Akachomoa diski, akaifunga tena kwenye kanga, akairudisha mikononi mwa mama mkwe wake.

"Punguza moshi kidogo," alisema.

Tobia aliambiwa kwamba diski imeharibika. Alifoka mpaka majirani wakatoka nje: nani mwenye akili anaweka diski kwenye moshi? Alimlaumu mama yake, na Paskalina akaacha lawama ziende huko. Siku ya ibada watu waliimba mbele ya msalaba wenye kishimo kitupu palipotakiwa uso, na Tobia akalia kama mtoto. Hapo nusura Paskalina aseme ukweli.

Mvua za kupanda zilipokaribia, watu wakaanza kufuata mbegu zao kwa ndugu. Paskalina naye akapanda Mgwashi, kwapani kabana sweta la shule la kijani, jipya, la kumtosha mtoto wa miaka minane.

Bibi Bertha alilikunjua, akalipima kwa macho, akatazama juu darini, kisha akatikisa kichwa.

"Dogo," akasema. "Mwezi uliopita lingemtosha."