Mifupa Bandarini

Sania alivunjika mkono katika vichochoro vya Mutsamudu, kisiwani Nzwani, kwa kuteleza tu, mtelezo ambao mbuzi angeucheka. Maradhi ya kujinyima chakula yalikuwa yamemkalia muda mrefu. Alipopelekwa Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, nyumbani kwa mama yake mdogo Zaitoun mtaani Badjanani, daktari hakumzungusha.

"Mwili usiolishwa hula mifupa yake. Vidonge vya kalsiamu na vitamini D nitakupa, lakini hivyo ni wapambe. Bibi harusi ni chakula. Kula, uzito urudi, hedhi irudi. Na ule mchezo wa kujifungia chumbani ukarukaruka ili ukonde, uache. Mifupa yako haijauweza."

Sania alimkata jicho Zaitoun. Zaitoun akatazama dari.

Mara Nzwani ikatangaza kujitenga na visiwa vingine, na safari za kati ya visiwa zikawa taabu. Lakini Koko Moinafouraha, bibi yake Sania, aliposikia huko Mutsamudu kwamba mifupa ya mjukuu imedhoofika, hakuomba ruhusa ya serikali yoyote. Alijipenyeza katika mashua ya wachuuzi iendayo Moroni.

Sania na Zaitoun wakaitwa bandarini. Walimkuta Koko amekalia kapu, na askari aitwaye Salimou amesimama mbali nalo, jasho likimtoka.

"Nimemuuliza amebeba nini," Salimou alisema, "akanijibu: mifupa ya mjukuu wangu. Nimeshamsomea Fatiha!"

"Kwato za ng'ombe!" Koko alifoka. "Za kumchemshia supu!"

"Mjukuu mwenyewe ni mimi," Sania akasema.

Salimou alimtazama juu mpaka chini. Sania alijua anachokiwaza, na kilimchoma.

"Unamkodolea nini?" Koko akamkemea. "Fatiha yako wasomee marehemu wenu!"

Kicheko kikamponyoka Sania, kicheko asichokitarajia, hata akashika mbavu.

Siku ya pili Salimou alikuja kuomba radhi, akakaribishwa chakula. Kabla ya tonge la kwanza yeye na Koko walikuwa wameshikana maneno.

"Nyinyi ndio mliojitenga!"

"Nimejitenga mimi? Nimevuka bahari na kwato!"

Katika makelele hayo hakuna aliyeitazama sahani ya Sania. Hofu yake ilikuwepo kama kawaida, lakini alikula supu, akala muhogo, akanywa na maziwa aliyoagizwa na daktari.

Daktari alimweleza Koko kwamba kwato si uganga. Kinachojenga ni shibe ya kila siku. Koko alinuna, kisha akaanza kupika wali wa nazi, samaki, maharagwe, huku akiwatukana samaki wa Moroni. Ziko siku Sania alilia mbele ya sahani. Koko alikaa naye bila neno, jambo lililomgharimu kuliko bahari.

Hedhi ilirudi polepole. Daktari akasema mifupa imeacha kudhoofika, ingawa iliyopotea huenda isirudi yote.

Zaitoun, aliyechoshwa na mamake jikoni, alimnong'oneza Sania: "Muombe Mungu visiwa vipatane, Koko arudi kwake."

"Vipatane, inshallah," Sania alijibu, akijiongezea wali kijiko kimoja, "lakini visiharakishe."